Kuondoa Rangi

Mimi ni mtu wa kusahihisha watu. Nalisema mapema ili asije mtu akadai nimeficha. Nikipita dukani nikakuta kibao kimeandikwa "unga ya dona", mkono unaniwasha. Nikiwa harusini, mshereheshaji akisema "maharusi yetu inaingia", pilau inanikwama kooni. Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi hapa Dodoma miaka mingi, ngeli zimeniingia kwenye damu, na mume wangu alikuwa akisema kwamba siku ya kiyama nitamrekebisha malaika kabla hajamaliza kusoma jina langu. Tulikuwa tukicheka. Lakini tabia hiyo iliwahi kuniponza, na iliniponza siku ya kwanza kabisa nilipokanyaga nyumbani kwa mama yake.

Kwetu ni Kondoa. Mimi ni Mrangi kwa baba na kwa mama, nimelelewa nyumba ya swala tano. Mume wangu ni Mgogo wa kijiji kimoja mbele kidogo ya Mvumi, mtoto wa kanisani. Ndoa tulifunga bomani, mashahidi walimu wenzetu, soda kreti moja. Kwetu walinuna miezi mingi. Kwao hakukuwa na wa kununa ila mama yake, mjane, na yeye alimwambia mwanawe neno moja tu: amlete huyo mke amwone.

Akanipeleka. Mama mkwe alitoka ndani ya nyumba yake ya tembe, mikono ina unga wa uwele, akaifuta kwenye kitenge chake. Lugha yake ilikuwa Kigogo. Kiswahili alikuwa nacho cha kuokoteza, cha mnadani na cha kanisani. Nikampa shikamoo, akaitikia. Kisha akanishika mikono yote miwili, akanitazama usoni kwa muda, akasema, "Karibu, mtoto yangu."

Nami, bila kufikiri, kwa sauti ileile ya darasa la tatu, nikasema, "Mtoto wangu, mama."

Nilisema huku natabasamu. Naapa sikuwa na ubaya. Yeye akarudia taratibu, "Mtoto wangu," akaniachia mikono, akaingia ndani kutazama chungu chake. Tangu siku hiyo hakuniita tena mtoto, wa yangu wala wa wangu. Aliniita mwalimu. Na maneno aliyonisemesha kwa miaka mitatu iliyofuata yangeenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari, nafasi ikabaki.

Sasa niseme habari ya mafuta, maana ndiyo yaliyoleta kizaazaa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Dodoma ambayo tuliyazoea kwa rafu tupu yalijaa ghafla: sabuni za kunukia, dawa ya meno ya kila namna, mitumba imelundikwa chini mpaka njia haipitiki. Kila mwalimu alikuwa na mradi. Huyu anafuga kuku, yule anakaanga maandazi, mwingine kafungua genge mlangoni kwake. Mume wangu, aliyekuwa akifundisha kemia sekondari, hakutaka kuku. Mradi wake yeye ulikuwa ule uchafu wa kijani unaoelea juu ya mabwawa ya maji machafu nje ya mji.

Msicheke. Mimi nilishacheka kwa niaba yenu.

Shuleni kwao kulikuwa na pampu ya kisima inayotumia dizeli. Dizeli sasa ilikuwa inapatikana, si kama zamani, lakini kupatikana ni jambo moja na shule kuimudu ni jingine. Pampu ikakaa bure, wanafunzi wakabeba ndoo. Hilo lilimkera sana. Katika jarida moja la zamani alikuwa amesoma kwamba ule ukijani wa bwawani ni mwani, mwani mdogo mdogo ambao jicho haliwezi kuuona mmoja mmoja, na kwamba ndani yake una mafuta. Mafuta hayo yakitolewa, yakapikwa kwa spiriti na kostiki soda, yanageuka kitu kinachoweza kuendesha injini ya dizeli. Akalishika neno hilo kama mtoto aliyeahidiwa viatu.

Basi kila Jumamosi alitoka na baiskeli, ndoo mbili na kitambaa cha kuchujia. Alirudi ananuka mpaka majirani wanafunga madirisha. Aliuanika mwani wake juu ya mkeka nyuma ya nyumba yetu ya kupanga, pale Makole, na ukishakauka aliutwanga kwenye kinu changu. Kinu changu, nasema. Tuligombania kinu hicho wiki nzima mpaka akanunua cha kwake.

Ule unga aliuloweka kwenye petroli, akachuja, akaiacha petroli iruke yenyewe kivulini, kwenye banda la nyuma. Kilichobaki chini ya bakuli kilikuwa mafuta kweli, kijiko kwa kijiko. Ila yalikuwa ya kijani, kijani cha kutisha kinachokaribia weusi. Aliyatia kwenye koroboi ayajaribu. Utambi ukashika moto, ukatoa moshi mzito, ukaganda masizi, ukazimika. Akanieleza kwamba mafuta hayana kosa, mwenye kosa ni rangi. Ile rangi ya majani ikibaki ndani, mafuta yanavunda upesi na injini inajaa masizi. Kwa hiyo kabla ya yote lazima rangi iondolewe.

"Umbijani," nikamwambia. "Hiyo rangi ya majani Kiswahili chake ni umbijani."

"Nani anasema umbijani?"

"Kamusi."

"Basi kamusi ije ichuje."

Akaendelea kusema rangi. Na walimu wenzake, kwa kuwa wote walijua kwetu ni wapi, wakapata utani wa mwaka mzima. Mgogo kaoa Mrangi, na kutwa anahangaika kuondoa rangi. Nikikutana nao njiani wananiuliza, "Shemeji, bado tu hujaondolewa?" Nami nawajibu, "Mimi ni rangi ya mafuta, mtakwangua mpaka mzeeke." Nilikuwa nacheka nao, lakini kicheko kiliishia usoni.

Kiliishia usoni kwa sababu mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Ya kwanza ilitoka na miezi mitatu, ya pili na minne. Mume wangu hakuwahi kunitupia neno. Alinikanda kwa maji ya moto, alinipikia uji wenye madonge, na mara ya pili alilia kuliko mimi. Mama yake alikuja mara zote mbili. Akakaa siku kadhaa, akafua, akapika, akafagia uwanja, akaondoka, na hakusema kitu zaidi ya "pole, mwalimu". Nami nikajijazia mwenyewe yale ambayo hakuyasema. Kwamba mwanawe wa pekee ameokota mwanamke wa dini nyingine na kabila jingine, mwenye kujifanya anajua, na kuzaa hawezi. Nilikuwa na hakika kwamba ipo siku atamwambia anirudishe Kondoa. Nilishajua hata nguo nitakazobeba siku hiyo na zile nitakazoziacha.

Mimba ya tatu ilipofika mwezi wa tano ikiwa bado ipo, nilianza kutembea kama niliyebeba trei ya mayai. Sikumwambia mtu kwamba nina furaha. Niliogopa hata kuinunulia kofia.

Mama mkwe akaja bila kuitwa. Alileta kuku mmoja, mboga ya mlenda ya kukausha, na kifurushi cha udongo. Udongo wa kula, ule wanaoutafuna wajawazito. Alikuwa ameuchimba mwenyewe kwenye korongo la kwao, mweupe unaoelekea kijivu, akauchoma kwenye moto wa majivu mpaka ukakauka kama chaki. Akaniwekea mapajani. "Kula kidogo kidogo, mwalimu," akasema, akaenda zake jikoni. Kliniki walikuwa wamenikanya juu ya udongo, na nilijua wana haki, lakini hamu ile haina adabu. Nilivunja kipande hapohapo nikakitafuna kama mhogo.

Kesho yake alikuta unga wa kijani umeanikwa kwenye mkeka. Akachukua kidogo kwa vidole viwili, akanusa, akamwambia mwanawe kwa Kigogo kwamba mlenda wa mjini umeoza. Mume wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Alitaka kumweleza, halafu akaona ni heri amwonyeshe mafuta yenyewe, siku yatakapokuwa safi. "Nikimwonyesha haya ya sasa," aliniambia, "atasema nimesomea uchafu."

Mafuta safi yalipatikana kwa hasira zangu. Alasiri moja nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni mwa banda, udongo wangu mkononi, yeye anapasha mafuta yake kwenye kikombe cha bati juu ya jiko. Alikuwa ameshajaribu mkaa, mkaa ukanywa mafuta pamoja na rangi. Alikuwa ameshajaribu kuyaanika juani ndani ya chupa, rangi ikapungua lakini yakaanza kunuka. Daftari lake lilikuwa wazi pembeni yangu, na jicho langu likatua kwenye mstari ulioandikwa "mafuta hii bado ni kijani". Mafuta hii. Mtu na digrii yake. Nikainama kuchukua kalamu nimsahihishie, na kile kipande kikubwa kikaniponyoka, kikatumbukia kwenye kikombe.

"Udongo wangu," nikasema. Nilikuwa karibu kulia. Mimba inamfanya mtu alie kwa vitu vya ajabu.

Yeye akakivua kwa kijiti, anipoze. Halafu akakisogeza karibu na macho. Kipande kilikuwa kimegeuka kijani kibichi, na mafuta yaliyobaki kikombeni yalikuwa yamepauka. Akainua kikombe, akakiinamisha huku na huku kwenye mwanga.

"Mwalimu," akasema polepole, "umebakiza udongo?"

"Ninao wa kula. Wa kuchezea sina."

Alinibembeleza kama anayeposa. Nikampa vipande viwili. Akavisaga, akavikoroga kwenye mafuta ya uvuguvugu, akaacha vitulie, akachuja kwa kitambaa. Kilichodondoka kilikuwa cha njano, karibu na mafuta ya alizeti. Akakitia kwenye koroboi, tukafunga mlango wa banda ili tuone vizuri, na ule utambi ukawaka mwali mmoja mnyoofu, bila moshi. Tukautazama. Akanishika mkono kwa vidole vyake vya kijani na mimi nikampenda siku ile kuliko siku aliyonioa.

Baadaye alinieleza kwamba udongo wa namna ile una vijitundu visivyoonekana, na moto wa mama yake ndio uliovifungua, ndipo rangi inapata pa kukaa. "Dawa ni udongo wa mama," akawa anairudia kutwa. "Usimwambie kwanza. Nijaze chupa nzima, ndipo nimwite." Tangu hapo tukawa tunagawana, yeye kipande, mimi kipande, na nadhani mama mkwe aliona kifurushi kinavyopungua haraka.

Wiki moja au mbili zikapita. Ilikuwa siku ya kazi, saa nne na kitu, watoto wametoka mapumziko. Nilikuwa natoka darasani nikamwona mama mkwe amesimama getini kwa shule. Amevaa kitenge chake cha kanisani. Kichwani ana furushi, na furushi lile lilifungwa kwa khanga yangu mimi.

Nikaenda. "Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Twende, mwalimu."

"Twende wapi? Nina kipindi."

Akateremsha furushi ili aniwekee sawa ushungi wangu, na khanga ikaachia upande mmoja, nikaona ndani. Magauni yangu mawili. Sweta langu. Kadi yangu ya kliniki, ameitia ndani ya soksi isije ikakunjika.

"Ile nyumba haifai tena," akasema. "Twende."

Mimi nina hasira za karibu, kila anayenijua analijua hilo. Ningetarajia nipige kelele mpaka walimu watoke ofisini. Sikuweza. Miaka mitatu nilikuwa naisubiri siku hii, na ilipofika nikakuta nimeshachoka nayo. Nilikwenda kumwomba ruhusa mwalimu mkuu, nikasema najisikia vibaya, na huo haukuwa uongo. Jambo moja tu lilikuwa likinikata: kwamba mume wangu hakuwa na moyo wa kuniambia mwenyewe, kamtuma mama yake.

Tukatembea kwenda stendi. Yeye mbele na furushi, mimi nyuma na tumbo langu la miezi sita. Jua lilikuwa kali. Kila penye kivuli cha ukuta alisimama, akanisubiri, akanitazama miguu, akaendelea. Mara moja alinunua ndizi akanipa bila neno. Nikala huku machozi yanateremka, maana hata aliyefukuzwa anasikia njaa.

Stendi, basi la Kondoa lilikuwa limesimama, kondakta anaita abiria. Mama mkwe akalipita. Nikadhani hakuliona, hajui kusoma ubao. Nikasimama.

"Mama. Basi langu hili hapa."

Akageuka. "La nini?"

"La Kondoa. Si unanirudisha kwetu?"

Aliniangalia kana kwamba nimeongea lugha ambayo hajawahi kuisikia mnadani wala kanisani. Akashusha furushi, akaliweka chini, akanikalisha juu yake. Na pale, mbele ya kondakta na wauza karanga, mama mkwe aliongea Kiswahili kingi kuliko chote alichowahi kunisemesha.

"Nani anarudisha wewe? Mimi nakimbiza wewe. Nakupeleka kwangu. Mtoto yangu anataka kuondoa wewe." Akajigusa sikio. "Nimesikia na sikio yangu. Leo asubuhi, yeye na ile rafiki yake, kule banda. Anasema, Rangi imesumbua mimi miaka tatu. Anasema, sasa nimepata dawa yake. Rafiki anauliza, mama anajua? Anasema, hajui, nitaambia yeye ikishaondoka. Anasema, dawa ni udongo ya mama. Udongo yangu. Ile nimekupa ule. Anataka tumia mkono yangu kutoa wewe na mtoto. Nimemwaga yote chooni."

Nikayarudia maneno yale kichwani. Halafu ikaniingia, kidogo kidogo. Rangi imenisumbua miaka mitatu. Kweli, miaka mitatu ndiyo aliyochota mwani, na miaka mitatu ndiyo tuliyooana. Mume wangu alisema ikishaondoka. Hakusema akishaondoka. Kwangu mimi, mtu wa ngeli, kati ya "i" na "a" pana safari ya mchana kutwa. Kwa mama mkwe, ambaye kwake kuku ni yangu, ng'ombe ni yangu na mtoto ni yangu, hakuna umbali wowote. Na mume wangu angesema umbijani, kama nilivyomwambia, tusingefika stendi.

Nilianza kucheka. Nilicheka nikashika tumbo, mama mkwe akaogopa, akapiga magoti akanishika tumbo na yeye, anauliza linauma wapi. Nikamwambia haliumi. Nikamweleza yote, mabwawa, mafuta, masizi, udongo uliotumbukia kikombeni. Nilimweleza polepole, na sikujali ngeli hata moja. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Ile mlenda iliyooza?" akauliza.

"Ndiyo hiyohiyo, mama."

Akakaa chini mavumbini kando yangu, na kitenge chake cha kanisani. Hakucheka. Alikuwa amechoka uso mzima. Nikaona kwamba mwanamke huyu alikuwa ameamua asubuhi ile kumpoteza mwanawe wa pekee kwa ajili yangu, na aliamua peke yake, katika muda wa kukunja magauni mawili.

"Mama," nikamwambia, "mimi nilijua hunitaki. Miaka yote hii husemi na mimi."

Alichezea pindo la khanga yangu. "Wewe mwalimu wa Kiswahili," akasema. "Siku ile ya kwanza nilisema, ukanirudisha. Nikaona, basi. Nikifungua mdomo, huyu ataona mimi mjinga. Nikasema, nitafanya na mikono."

Nilikumbuka kila shuka alilonifulia, uwanja uliofagiwa, udongo uliochomwa kwa siku kadhaa. Kumbe alikuwa ananisemesha muda wote, na mimi nasubiri sarufi. Nilimwomba msamaha palepale, na nililia kwa sauti, na wala sikuona haya mbele ya wauza karanga.

Mume wangu alitokea na baiskeli, jasho linamchuruzika, shati lote limetoka nje. Alikuwa amekuta nyumba wazi, kadi ya kliniki haipo, na jirani akamwambia ametuona tunaelekea stendi na furushi. Aliiachia baiskeli ikaanguka. Alinitazama tumboni, halafu usoni.

"Ipo," nikamwambia. "Haijatoka. Ipo na inacheza."

Akachuchumaa, akafunika uso kwa mikono yake miwili. Mama yake akamgonga begani kwa Kigogo, maana kugonga kule kulikuwa na maneno yake, na maneno yale sijatafsiriwa mpaka leo. Ndipo mume wangu akakumbuka mfukoni ana chupa. Ilikuwa chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, imejaa mpaka shingoni. Ndiyo aliyokuwa akimwonyesha rafiki yake asubuhi ile.

Mama mkwe akaipokea, akaiinua juani. Mafuta yakang'aa manjano.

"Hii ndiyo Rangi?" akauliza.

"Hapana, mama. Haya ni mafuta bila rangi. Rangi imebaki kwenye udongo wako."

Akaangalia chupa, akaniangalia mimi, akamrudishia mwanawe. "Basi hiyo ondoa," akasema. "Hii ya kwangu acha."

Hatukurudi Makole siku ile. Mama mkwe alishasema twende, na hakuona sababu ya kubadili. Nilikaa kwao wiki moja, nikala mlenda mara mbili kwa siku, nikajifunza Kigogo cha salamu na cha jikoni. Nilikosea sana. Alinisahihisha kwa furaha ambayo hakuificha, na mimi nilistahili.

Mafuta? Mume wangu alipata udongo mwingine, na mama yake mwenyewe ndiye aliyeuchoma sasa, akijua ni wa nini. Mume wangu akajaza chupa ya bia na ushei, akayapika kwa spiriti na kostiki soda. Siku moja yeye na wenzake wakayatia kwenye pampu ya shule, ikakohoa, ikashika, ikatoa maji mpaka foleni nzima ya ndoo ikajaa, halafu ikazimika kwa kuwa mafuta yalikwisha. Miaka mitatu kwa foleni moja ya ndoo. Alirudi nyumbani akiwa mwenye furaha kuliko wote Dodoma. Muda si mrefu shule ikapata dizeli ya dukani, na yale mabwawa yakaachiwa ndege. Chupa ya dawa ya kikohozi ninayo mpaka leo, kwenye kabati la vyombo. Haijageuka rangi.

Mwezi wa mwisho wa mimba nilikwenda tena kwa mama mkwe, nikae karibu na hospitali ya Mvumi. Uchungu ulinishika asubuhi, na alasiri nikajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye kelele. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni tangu nilipoingia, hakukaa, hakula. Nesi mmoja kijana, mwenye daftari, akamwuliza kama yeye ni bibi mzaa baba, apate kumruhusu.

Mama mkwe akaninyooshea kidole mimi kitandani. Hakumnyooshea mtoto. "Huyu," akasema, "huyu mtoto yangu."

Nesi akatabasamu kwa upole. "Mtoto wangu, bibi. Tunasema mtoto wangu."

Nikaona mama mkwe anaanza kufunga mdomo, kama siku ile kwenye mlango wa tembe.

"Dada, mwache," nikamwambia nesi. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilitosha. "Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Amesema sawa."